Nta kwenye Shingo ya Chupa

Tangu tumzike Baba, siombi tena kwa sauti. Hapa Mandewa jumuiya yetu ikikutana na zamu ikanifikia, nafungua Zaburi, nasoma mistari michache, nakaa. Wenzangu wengine wanadhani ni majonzi. Wengine wanasema nimejaliwa unyenyekevu, na mimi nawaacha waseme, maana sifa ni sifa hata ikipitia mlango wa nyuma.

Wiki iliyopita nilipeleka kiatu cha shule cha mwanangu kwa fundi viatu wa pale kona. Soli ilikuwa imeachama. Fundi akakata uzi, akachukua donge jeusi la nta, akauburuza uzi juu yake mara tatu nne mpaka ukakakamaa. Jua la saa nane lilikuwa limeilainisha ile nta, na harufu yake ikanijia yote kwa mara moja: asali iliyokaa, moshi, jasho la mkono wa mtu. Nikamwambia fundi nitapitia jioni, nikaondoka haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Nilikwenda kujificha nyuma ya duka la jirani. Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu.

Baba alikuwa mkulima na mrina asali kule Ihanja. Mkono wake wa kulia ulinuka nta hata Jumapili, sabuni haikuweza kuitoa. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, aliichonga mwenyewe na kuitundika kwenye migunga nyuma ya shamba letu la alizeti. Na Baba alikuwa mlevi. Sisemi alikuwa anaonja, kama ndugu zake walivyopenda kusema. Alianza na mtukuru, pombe yetu ya nafaka, ambayo mtu mzima kuinywa kijijini haikuwa habari. Kutoka hapo akahamia kwenye gongo, na gongo nayo ikahamia kwake. Alikuwa mpole akiwa mzima na mpole akiwa amelewa, na nadhani hilo ndilo lililomchosha Mama, maana hakupata hata ugomvi wa kumlaumia.

Siku ya sikukuu ya mavuno watu walileta kanisani mahindi, maboga na kuku, na baada ya ibada vikanadiwa pale nje. Baba alifika amelewa. Akagombania kwenye mnada jogoo aliyemleta yeye mwenyewe asubuhi, akapanda bei dhidi yake mwenyewe mara mbili, kisha akaanguka juu ya ngoma za kwaya, jogoo kifuani. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa wote walicheka, mpaka nilipogeuka nikamwona Mama anatazama vidole vya miguu yake. Wiki mbili baadaye Baba akatengwa.

Kutengwa kwetu si kufukuzwa. Unakuja kanisani, unaimba, sadaka yako inapokelewa, lakini unakaa benchi la mwisho, na wakati wa Meza ya Bwana huendi mbele. Ukitaka kurudi, unasimama siku moja mbele ya wote, unasema ulichokosa, wanakupokea. Ndiko kurudi kundini. Baba, wenzake wakienda mezani, alitoka nje akasimama penye baiskeli na kujifanya anarekebisha mnyororo. Nilimwona dirishani kila mara. Mnyororo wa baiskeli ile haukuwa na tatizo lolote.

Alipoacha, hakutokea malaika. Alikwenda kurina akiwa amelewa, akaangusha mwenge wa kufukizia nyuki kwenye majani makavu, na mizinga mitatu ikaungua na nyuki wake ndani. Alikaa pale akiwatazama nyuki waliokufa mpaka saa sita. Akarudi nyumbani, akamwambia Mama, "Basi." Siku zilizofuata alitetemeka mpaka kikombe cha uji akashikiwa. Mama alimfuta jasho, akamwombea, akamfungia mlango kijiji kisimwone. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Ilipofika miezi sita, Mwinjilisti wetu akasema Pasaka Baba atapokelewa kundini. Mama akamshonesha shati jeupe, akalikunja na kuliweka chini ya godoro ili lisipate vumbi. Alikuwa analitoa, analitazama, analirudisha. Nyumba nzima ilikuwa inaisubiri Pasaka ile.

Sasa nije kwangu, maana hii si habari ya kiu ya Baba peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilikuwa najua kuomba. Jumuiya ilikutana Jumatano alasiri, watu wakitoka shambani, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Siku moja Mama Mwinjilisti, mke wa Mwinjilisti, alisema mtoto mmoja afunge kwa sala. Wenzangu wakajificha nyuma ya mama zao. Mimi nikasimama nikayamwaga maneno yote ya Mwinjilisti niliyokuwa nayo kichwani, Bwana wa majeshi, uketiye juu ya makerubi. Makerubi niliyadhani ni mawe makubwa kama haya ya kwetu Singida, nikaona inafaa Mungu akae juu ya jiwe, aone mbali. Nilipomaliza, wamama walikuwa wanajifuta macho. Wenye nyumba walikuwa wamemchinjia Mwinjilisti kuku, na chakula kilipoletwa yeye akachukua firigisi akaiweka kwenye mkono wangu.

Nyie mliokulia kwetu mnajua firigisi ni ya nani. Ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni wa heshima. Mtoto akipewa, tena wa kike, kuna maana yake. Niliila taratibu mbele ya watoto wenzangu, nikaitafuna mpaka haikuwa na kitu cha kutafuna.

Tangu siku hiyo nikashikwa. Nikichunga mbuzi nilikuwa naomba kwa sauti nikiyapanga maneno, nikijaribu mahali pa kushusha sauti na mahali pa kunyamaza kidogo. Mama Mwinjilisti akaanza kuniita binti wa maombi. Alikuwa na desturi ya kuniwekea kiganja kichwani baada ya sala na kukiacha pale, na mimi niliishi wiki nzima nikikisubiri kile kiganja. Nikajua pia kwamba sala ya mvua haimlizi mtu, lakini ukitaja mtu kwa jina, na shida yake, watu wanalia. Jumatano ikikaribia nami sina shida ya mtu ya kutaja, nilikosa hata hamu ya kula. Mtu mzima angenitazama vizuri angeitambua hali ile. Mtu mmoja, kumbe, aliitambua.

Jumatatu moja asubuhi, ikiwa imebaki kama wiki mbili kufika Pasaka, nilikuwa natafuta mbuzi mmoja aliyepotea, nikatokea nyuma ya migunga. Palikuwa na mzinga wa zamani, umepasuka, umelala chini. Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake, mgongo kwangu. Akaingiza mkono ndani, akatoa chupa ya kijani. Nilimjua mtu wa chupa. Akainama nayo kifuani, kichwa kikashuka, mabega yakasogea. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akanyanyua kichwa, akajifuta uso wote kwa kiganja, kuanzia macho mpaka mdomoni, akairudisha chupa, akaondoka na jembe lake.

Niliona baba yangu anakunywa. Ndivyo nilivyoona, na mpaka hapo sikuwa nimemkosea mtu.

Kosa langu la kwanza ni hili: sikumwambia Mama. Mama alikuwa pale jikoni, anasonga ugali wa uwele, umbali wa kuita. Nilisikitika kweli, lakini chini ya masikitiko yale palikuwa na kitu kingine, na nakitaja leo kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kwamba Jumatano nina la kuomba. Nikalitunza Jumatatu, nikalitunza Jumanne, nikalala nalo.

Jumatano tulikuwa kwa Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, mtu mkali wa sauti ndogo. Tulikuwa watu kumi na saba. Baba naye alikuja, akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikafumba macho.

"Ee Bwana wa majeshi," nikasema, "mtazame baba yangu. Mama amemshonesha shati na yeye anakunywa asubuhi kule kwenye mzinga uliopasuka. Ameficha chupa, Bwana, wewe umeiona. Mfungue kamba za yule mwovu."

Nilikuwa nimeambiwa kwamba sala ni kuzungumza na Mungu, na nilidhani wanaosikiliza wanasikia mlio tu, kama unavyosikia watu wakizungumza chumba cha pili. Hilo nalisema kujitetea, na halinitetei vya kutosha, kwa sababu nilisikia pumzi za watu zikisimama na nikaongeza sauti. Mwishoni wakaitikia Amina, moja ndefu. Nilipofumbua macho, Baba alikuwa anaizungusha kofia yake polepole, ukingo kwa ukingo. Mama aliketi kama alivyokuwa. Kiganja cha Mama Mwinjilisti kikatua kichwani kwangu.

Njia nzima ya kurudi nilisubiri kupigwa. Baba alisukuma baiskeli mbele yetu, hakugeuka. Mama alisema neno moja tu.

"Ungeniambia mimi."

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwenye ule mzinga. Ningependa kusema nilikwenda kwa uchungu. Nilikwenda kuangalia pombe imepungua kiasi gani, nipate la kuendelezea. Nikaingiza mkono, nikaitoa.

Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nta, nta nene, ya zamani, imeshika vumbi mpaka ikawa na rangi ya udongo. Haikuwa na ufa. Nilijaribu kuibandua kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha ukazama kidogo, ukabaki pale, na harufu ikapanda. Nikatazama chini. Majani mbele ya mzinga yalikuwa yameisha mahali pawili, mashimo mawili madogo yaliyokaa sambamba, na hayakuwa ya wiki moja. Yalikuwa ya magoti.

Mtoto wa miaka tisa si mjinga. Nilielewa palepale kwamba hakuwa anakunywa, alikuwa anaomba, na alichofuta usoni ni machozi. Nikairudisha chupa kama nilivyoikuta. Halafu nikaanza kujipa hoja, na nikiikumbuka hoja yangu ile nasikia joto masikioni mpaka leo. Nilisema moyoni: watu kumi na saba waliitikia Amina. Mwinjilisti aliitikia, Mzee Yeremia aliitikia. Kitu kilichoitikiwa Amina na wote hao hakiwezi kuwa uongo, Mungu asingekubali. Basi labda alikunywa nyingine. Labda ziko mbili. Nilijua haziko mbili.

Jumamosi asubuhi walikuja nyumbani watatu, Mwinjilisti, mkewe na Mzee Yeremia. Mama akawapa chai na karanga. Nikawaamkia mmoja mmoja shikamoo, na Mama Mwinjilisti akanivuta nikae karibu yake kwenye mkeka. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoa ndevu.

"Tumekuja kusikia kwako mwenyewe," Mwinjilisti akamwambia. "Chupa ipo?"

"Ipo," Baba akasema. "Niliiacha moja."

"Ya nini, na ulituambia umemwaga zote?"

"Nilimwaga zote, hiyo nikaiacha. Ukipita barabarani hapa Ihanja, kila nyumba ya tatu ina chupa. Ningezikimbia ngapi? Nikaona bora moja niijue inakaa wapi. Kila asubuhi nakwenda, naishika, namwambia Mungu, leo tena nisaidie niipite. Halafu nakwenda shambani. Hakuna siku niliyokwenda bila kuishika nikamaliza siku vizuri."

Mzee Yeremia akatikisa kichwa. "Shetani humfungi kamba ukamweka uani."

"Imezibwa nta, mzee wangu. Nendeni mkaione."

"Nta unayo debe zima. Unafungua, unakunywa, unajaza, unaziba. Nani atajua?"

Hapo mambo yalikuwa yamefika mahali pagumu, maana ni kweli, nta peke yake isingethibitisha kitu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na nakumbuka alimtazama Baba kwa namna ya kumwomba aseme kitu. Na Baba, badala ya kukasirika, akatabasamu kidogo. Tabasamu lile sikulielewa kwa miaka mingi.

"Muulizeni mtoto," akasema. Akanigeukia. "Mwanangu, usiogope. Sema ulichokiona kule. Sema chote."

Nilikuwa nayo mdomoni. Nawaambia ukweli, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini kiganja cha Mama Mwinjilisti kilikuwa kichwani kwangu, chenye joto, na Jumapili ya Pasaka nilikuwa nimepangwa kuongoza sala ya watoto mbele ya kanisa zima. Nilijua nikisema chupa imejaa, kile kiganja kitaondoka.

"Nilimwona akinywa," nikasema.

"Siku gani?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Kila siku," nikasema.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema wahenga, na mimi sikujikwaa, nilitembea wima. Baba alinitazama. Tabasamu liliondoka polepole, hakulifuta mara moja. Mwinjilisti akasema basi, suala la kundini lisubiri, waone mwenendo. Wakasali, wakaaga. Baba akabaki kwenye kigoda. Mama akaja akasimama mbele yake.

"Miezi sita," akamwambia. "Miezi sita nakufuta jasho, umenidanganya."

Baba aliinuka, akachukua kofia, akashika njia ya kwenye migunga. Ilikuwa saa tano mchana. Alasiri Mama alimkuta kwenye alizeti, amelala chali, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Mama akarudi ndani, akalitoa shati chini ya godoro, akampa mjomba wangu. Mjomba alilivaa Pasaka ile ile. Nilimwona nalo kutoka mbele, nikiwa nimevaa gauni jeupe, naongoza sala ya watoto, na wamama walilia.

Alikunywa miaka minne. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba kila alipolewa, mimi nilizidi kuwa mkweli. "Mtoto alionyeshwa," watu walisema. Akionekana anapepesuka sokoni, jina langu la binti wa maombi lilikuwa linapanda. Nilikua katika kivuli cha ulevi wa baba yangu na nilinenepa humo.

Kisha akaacha tena, mimi nikiwa sekondari. Safari hii hakuweka chupa popote. Alikwenda tu kupiga magoti kwenye ule mzinga mtupu. Alirudi kundini Jumapili moja ya kawaida, amevaa shati la bluu lililopauka, akasema, "Nilikosa, naomba mnipokee," wakampokea. Hakuonja tena mpaka anakufa. Mimi niliolewa, nikaja Mandewa, nikawa yule mama wa jumuiya anayeitwa penye mgonjwa na penye ndoa inayotikisika, kwa kuwa anajua kuomba.

Baba alipougua mwaka jana tulimleta kwangu ili awe karibu na hospitali. Alasiri moja alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, amekonda mpaka saa ya mkononi inamteleza. Mama alikuwa amekwenda Ihanja kuangalia mifugo. Baba akasema, "Hebu niombee kidogo, mwanangu." Nikafungua mdomo, yakaja yale maneno, Bwana wa majeshi, na nikayasikia kwa masikio yake. Nikashindwa. Nikamwambia yote. Nililia kwa namna ya aibu, siyo ile ya kwenye jumuiya.

Alinisubiri nimalize. "Najua," akasema.

"Unajua nini, Baba?"

"Jumamosi ile nilikwenda asubuhi kama kawaida, kabla hawajaja. Nikakuta alama ya ukucha kwenye nta. Kaukucha kadogo. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema Mungu amenipa shahidi."

Nikaelewa lile tabasamu. Miaka yote nilidhani alikuwa ananibembeleza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile, amenyoa ndevu, ana shahidi wake tayari, na shahidi ni mimi.

"Kwa nini hukusema palepale? Ungesema nimeishika."

"Niseme mwanangu mwongo, mbele ya wazee?" Akapumzika kidogo. "Tena nilikuona. Nilikuona unavyokisikiliza kiganja cha yule mama. Nikajisemea, kumbe na huyu ana kiu. Kiu naijua mimi. Mwenye kiu utamlaumu vipi?"

"Nilikurudisha kwenye pombe, Baba."

"Aka. Nta niliibandua mwenyewe, kwa kisu changu. Hiyo usinichukulie." Alikuwa mkali kidogo aliposema hivyo, ukali pekee niliousikia kwake maisha yangu yote. Kisha akasema, "Ila mama yako hajui. Ukipata nafasi, mwambie ilikuwa imejaa. Mimi nikimwambia ataona najisafisha."

Niliahidi. Alikufa baada ya wiki tatu, na nafasi nilizipata, msinihurumie.

Kwenye mazishi kule Ihanja, Mama aliomba aseme neno. Aliinuliwa kutoka kwenye mkeka, akasimama na kanga yake, akasema baba yetu alikuwa mtu mwema. "Alinidanganya miezi sita," akasema, "nikamsamehe, na Mungu naye amsamehe." Watu wakaitikia Amina. Kisha mwongozaji akaita binti wa marehemu, aombe. Nilisimama nikiwa nimekata shauri kusema. Nikaona watu walivyojaa mpaka kwenye alizeti, nyuso zote kwangu, zikisubiri. Na sauti ile ikaja yenyewe, naapa sikuiita, ikashuka panapostahili kushuka, ikanyamaza panapostahili kunyamaza. Niliomba vizuri kuliko nilivyowahi kuomba. Watu walilia kwa kwikwi. Nikakaa chini bila kusema chochote kuhusu chupa, na mkono wa mtu ukatua begani kwangu, na haki ya Mungu, ulinipendeza. Baba aliweza miezi sita mbele ya chupa. Mimi sikuweza dakika tano.

Ndipo nikaacha kuomba kwa sauti. Siyo unyenyekevu. Ni mtu aliyemwaga zote.

Jioni ile ya wiki iliyopita nilirudi kuchukua kiatu. Donge la nta lilikuwa pale kwenye kisanduku cha fundi, nikalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, fundi akanitazama bila kuuliza. Kesho yake mchana nikampigia Mama simu. Tukaamkiana, akanieleza habari za kuku na upepo ulioezua banda. Mwishoni akasema kama anavyosema siku zote, "Haya, niombee kabla hujakata. Wewe Mungu anakusikia."

"Mama," nikasema, "kaa kwanza."

"Nimekaa."

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilianza na ile chupa, jinsi ilivyojaa, nikasema nta, ukucha, magoti kwenye majani, kiganja, kigoda, yote, nikarudia mengine mara mbili. Nilimwambia Baba alijua. Nilipomaliza, nikasikia upepo tu upande wake, na kuku mmoja anayelia karibu. Nilidhani ameiweka simu chini akaondoka. Nikaita, "Mama?"

"Nipo," akasema.

Nikamsikia akimfukuza yule kuku.

"Na lile shati," akasema, "nililigawa."